Asilimia 62: Shajara ya Karani wa Stoo

Jumatatu

Kibao kipya kimefika. Ni kirefu kuliko cha kwanza na kina nembo nyingi zaidi, nyingine za mashirika ambayo hakuna mtu hapa saiti aliyewahi kuona hata gari lao. Kinasema mradi ni wa kupanua mabwawa ya maji taka ya mji wetu, kwamba kazi imefika asilimia 62, na kwamba itakamilika mwezi fulani, ambao ulipita kabla ya masika. Injinia akaamuru tarehe ifutwe. Kibao ni cheupe, rangi aliyokuwa nayo fundi ni ya manjano. Sasa mtu akipita barabarani, kitu cha kwanza kumjia machoni ni kiraka cha manjano mbele ya neno "Kukamilika".

Mji wenyewe sitautaja, kwa sababu mshahara wa mwezi jana bado haujatoka. Itoshe kusema ukipanda matatu Nakuru utafika kabla kondakta hajamaliza kuitafuta chenji yako. Mimi ni karani wa stoo. Ninatunza kitabu cha vitu vinavyoingia na kitabu cha vitu vinavyotoka. Cha vinavyotoka kimejaa. Cha vinavyoingia bado kina nafasi.

Jumanne

Mvua ilinyesha usiku. Turubai la kufunikia simiti lilikutwa limefunika pikipiki ya nyapara. Alipoulizwa alisema pikipiki ni ya mkopo na simiti si yake. Mifuko ya safu ya chini imeganda, ukiigonga inalia. Soja ameipanga mlangoni pa kibanda chake na sasa anapanda na kushuka kwa heshima.

Katika ripoti ya wiki imeandikwa: "Ngazi za muda, za saruji, zimekamilika."

Jumatano

Choo cha saiti kimezama. Inafaa ieleweke kwamba sisi tunaojenga mahali pa kupokea uchafu wa mji mzima tunatumia choo cha shimo, maana saiti haijaunganishwa na bomba lolote; bomba ndilo tunalolingojea. Udongo wa huku ni jivu la volkeno. Ukiwa mkavu unauchimba wima mpaka utakapochoka wewe. Ukilowa, unaondoka. Kufikia saa nne asubuhi mabati ya paa yalikuwa sawasawa na nyasi. Hakuna aliyekuwa ndani isipokuwa redio ya soja, ambayo wakati huo ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Iliendelea kuyasoma kwa muda.

Injinia akasema tuchimbe kingine. Nyapara akauliza wapi. Kila mtu akatazama alipokanyaga. Kibarua mmoja, mwenyeji wa pande za Suswa, akaanza kusimulia ule ufa uliokata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok Machi 2018, jinsi mtu alivyolala na shamba moja akaamka na mawili. Akaambiwa anyamaze kazi iendelee.

Alhamisi

Laina imefika. Bwawa likichimbwa kwenye jivu halishiki maji. Sharti litandikwe udongo wa mfinyanzi au ile plastiki nzito nyeusi tunayoiita laina. Mfinyanzi mzuri uko mbali, na kila anayejua uliko ana binamu mwenye lori. Kwa hiyo tumepewa laina.

Stakabadhi ilisema marobota kumi. Nikahesabu tisa. Dereva akasema la kumi ndilo alilokalia njiani kwa sababu kiti kimeharibika. Akashuka, nikalikagua. Lilikuwa godoro. Nimeandika tisa, yeye ameandika kumi, na Injinia ametia sahihi pande zote mbili.

Ijumaa

Robota la kwanza lilitandazwa asubuhi. Maagizo yaliyokuja nalo yana picha, hayahitaji hata kusoma: kingo zote zifukiwe ndani ya mtaro unaozunguka juu ya tuta, siku hiyo hiyo, kabla ya upepo. Mtaro haukuwepo kwa sababu majembe yote yalikuwa yakichimba choo.

Saa nane upepo wa bonde ukaja, ule unaosokota vumbi na kulitembeza shambani mchana kweupe. Laina ikavimba katikati. Ikainuka upande mmoja, kama inayotaka kuuliza kitu, halafu wote. Ikavuka seng'enge, ikavuka barabara ya murram, ikatua juu ya mahindi ya mzee jirani. Sisi tulikuwa juu ya tuta. Nyapara alivua kofia.

Mzee alifika jioni. Alitusalimia kwa mkono mmoja mmoja, hata soja, akauliza habari za nyumbani, akasubiri ajibiwe. Kisha akasema mistari ya mahindi iliyolala anaweza kutuonyesha. Injinia akasema ataiandikia kampuni barua kuhusu fidia.

"Sawa, kijana wangu," mzee akasema. "Na hiyo nailoni yenu itakaa kwangu ikingoja barua."

Jumamosi

Nusu siku. Mama wa chai amebadilisha makaa. Anatumia tufe ndogo nyeusi zisizotoa moshi, na sufuria inachemka upesi. Nyapara akamsifu, akauliza yanatoka wapi. Mama akasema Nakuru. Yametengenezwa na nini?

"Na mliyoyaacha huko," mama akasema, akielekeza mwiko upande wa choo.

Hakuwa akitania. Nakuru, kampuni ya maji ina kiwanda kinachochukua tope la vyoo, kinalianika juani, kinalichoma mpaka liwe mkaa, kinalichanganya na vumbi la mbao lililochomwa na kulishikamanisha kwa molasi. Linauzwa kwa kilo, kwa jina la Makaa Dotcom, wala halina harufu. Nilieleza haya yote kwa utulivu. Chai ikabaki karibu yote. Nilikunywa yangu na ya wenzangu, na mama akanifungia mandazi ya bure kwa kuunga mkono sayansi.

Jumatatu

Injinia ametaka bwawa lijaribiwe. Lililo tayari ni lile ambalo laina yake iko kwa mzee. Alisema tujaribu hivyo hivyo, udongo umeshashindiliwa. Malori ya maji yakamwaga kutwa nzima. Jioni lilipendeza, bata wawili wakatua.

Jumanne

Bata wamesimama chini. Kwenye fomu ya majaribio, mahali pa kueleza maji yalikokwenda, nyapara aliandika "mvuke". Injinia akakata, akaandika "upotevu wa kawaida".

Kwa kweli si ajabu kwa pande hizi. Mto Njoro wenyewe hushuka kutoka Mau ukiwa mto, na miezi ya kiangazi huishia ardhini kabla ya kuliona Ziwa Nakuru. Ila hakuna aliyelipia malori ya kujaza Mto Njoro.

Alhamisi

Tumepelekwa Nakuru kujifunza. Kampuni ilikodi matatu, ikalipia chakula, na ndiyo sababu waliokwenda kujifunza walikuwa wengi kuliko wanaofanya kazi. Kulikuwa na mtu wa uhasibu na shemeji yake.

Nakuru ni mji uliojaliwa. Umekaa mgongoni mwa Menengai, miguu yake iko ziwani, kwa hiyo uchafu huteremka wenyewe bila kusukumwa. Una mitambo miwili: mmoja upande wa mji wa zamani, mwingine unaoitwa wa Njoro, ambao umepakana na mbuga ya Ziwa Nakuru. Yote miwili ilikarabatiwa na kupanuliwa katikati ya miaka ya 1990 kwa msaada wa Japani. Mwenyeji wetu alitueleza kazi ya mabwawa kwa ufasaha kuliko nilivyowahi kuelezwa na anayetulipa. Bwawa la kwanza ni la kina kirefu, hapo uchafu unazama na kuoza bila hewa. La pili lina mwani; jua likiupiga unatoa oksijeni, na vijidudu vyema vinapata nguvu ya kula. La mwisho ni la kina kifupi, jua liingie mpaka chini liwamalize waletao maradhi. Hakuna mashine. Kuna jua, muda, na mteremko uliopimwa sawasawa. Aliposema "sawasawa" Injinia wetu alikuwa akipokea simu.

Ubaya ni kwamba Ziwa Nakuru halina pa kutokea. Linalopokea linabaki nalo. Liliwekwa katika orodha ya Ramsar mwaka 1990, likawa urithi wa dunia pamoja na Bogoria na Elementaita mwaka 2011, na katikati ya heshima hizo likaanza kupanda. Lilimeza lango kuu la mbuga, likaingia mashamba na nyumba za watu wa Mwariki, na flamingo wengi wakahamia kwingine, kwa sababu maji yalizidi na chumvi ikapungua. Wanaokuja na darubini siku hizi huwa wanauliza njia ya mabwawa ya maji taka. Ndege wako huko.

Shemeji wa mhasibu aliuliza kama kupanua mitambo ndiyo dawa ya mji. Mwenyeji akacheka kwa adabu. Akasema maji taka hufuata maji safi. Nyumba nyingi za Nakuru bado zina vyoo vya shimo, na yenye bomba la kutoa nayo hungoja zamu yake ya maji. Visima vina floridi, meno ya wenyeji ni ushahidi wa kutosha. Bwawa la Itare kule Kuresoi, ambalo lilikusudiwa kuumalizia mji huu kiu, lilizinduliwa 2017 na kukwama 2018. Unaweza kujenga tumbo kubwa unavyotaka, akasema, halafu chakula kisije. Nimeandika hayo kwenye daftari. Wengine walikuwa wameshaingia kwenye matatu kuulizia kuku.

Tulikula nje, karibu na ua wa mbuga. Nyani mkubwa akachukua bahasha ya kaki ya Injinia akidhani ni mkate. Ndani kulikuwa na ratiba ya kazi iliyorekebishwa. Akapanda nayo juu ya matatu, akaketi, akaipitia karatasi baada ya karatasi mpaka ya mwisho. Ni wa kwanza kuimaliza.

Ijumaa

Kwenye mabwawa yetu ya zamani, pale bomba la zamani linapoingilia, kuna chujio la nondo, na kuna mzee wa reki. Kazi yake ni kuondoa kila asubuhi vitu ambavyo watu walidhani choo kitavisamehe. Huvivuta, huvianika juu ya zege, halafu huvifukia. Leo nilitumwa niorodheshe, kwa kuwa mshauri wa mradi anataka "takwimu za taka ngumu". Orodha:

Nepi. Gunzi. Soksi moja ya shule, ya kijivu yenye mstari mwekundu. Kijiko. Nepi. Tai. Kipande cha pazia chenye pete zake. Simu isiyo na betri. Nywele bandia, ndefu, zimetunzwa vizuri. Nepi. Meno ya chini. Kitambulisho.

Kitambulisho tulikiosha tukakisoma. Mwenyewe anaishi mtaa ambao haujaunganishwa na bomba letu. Mzee wa reki akakishika juani, akakigeuza, akakisoma tena. Akasema huko kuna watu wenye bidii, wamejiunganisha. Hakuna safu ya bidii kwenye fomu ya mshauri, kwa hiyo nimekiweka chini ya "plastiki".

Jumatatu

Mheshimiwa amekuja kukagua. Tulipata habari saa moja kabla. Nyapara akaamuru kokoto zipakwe chokaa kando ya njia, na zilipokwisha kokoto akaendelea na chochote kilichokuwa kando ya njia, pamoja na ndoo ya mama wa chai.

Bahati mbaya usiku bwawa la zamani la pili lilikuwa limegeuka rangi ya waridi. Hutokea bwawa likizidiwa na mzigo. Oksijeni inaisha, mwani wa kijani unakufa, na bakteria wa zambarau wanaopenda salfa wanachukua nafasi. Ni ishara kwamba tumbo limevurugika. Harufu yake nayo haihitaji mfasiri.

Mheshimiwa alisimama juu ya tuta, akavuta pumzi, akajuta, lakini kamera zilikuwa zinamtazama. Akanyoosha mkono juu ya maji. Akasema ameridhishwa sana na namna wahandisi wetu walivyozingatia urembo. Hii ni rangi ya flamingo, ni rangi ya utalii, na anataka mabwawa mapya nayo yawe hivi. Injinia alifungua mdomo. Afisa aliyefuatana na Mheshimiwa akamtazama, akaufunga.

Wakati wa hotuba mradi ulifika asilimia 64. Baada ya chakula ulikuwa 65. Fundi wa rangi ameitwa tena kwenye kibao. Safari hii ana nyeupe, ila hakuna nyeusi ya kuandikia.

Jumatano

Bomba kutoka mjini limewasili.

Ni lazima nieleze kwamba bomba ni la mkandarasi mwingine. Sisi tuna mabwawa, wao wana bomba, na kwa muda mrefu tumekuwa tukiona vumbi lao likikaribia. Leo eksikaveta yao ilivunja ukingo wa mwisho wa mtaro, bomba likatokeza, vibarua wa pande zote mbili wakapiga makofi. Kisha makofi yakapungua kuanzia waliokuwa mbele.

Mdomo wa bwawa letu uko juu. Bomba lao liko chini. Tofauti ni kama dhiraa moja. Nyapara aliipima kwa mkono wake, kuanzia kiwiko, na kidole cha kati kikagusa zege.

Injinia wao alisema walipima kuanzia alama ya barabara kuu, kama inavyotakiwa. Wetu akasema tulipima kuanzia sakafu ya chujio la zamani, kama ilivyotakiwa. Mzee wa reki, ambaye alikuwa amekuja kutazama bomba kama watu wengine, akasema kwa upole kwamba sakafu ile ilizama mwaka ule wa mvua nyingi upande wa kushoto, ikanyanyuliwa na mafundi, na waliinyanyua kupita kiasi kwa sababu walilipwa kwa mifuko. Kwani hamkuambiwa?

"Sasa maji yatapandaje?" kibarua mmoja akauliza.

"Maji hayajui kandarasi ni ya nani," nyapara akamjibu, na huo ndio uchambuzi wa kitaalamu pekee uliotolewa leo. Picha za kupeana mikono zilipigwa hata hivyo, zikionyesha kuanzia kiunoni kwenda juu.

Alhamisi

Mkutano. Imekubaliwa kwamba ufumbuzi ni pampu. Pampu inataka stima. Stima inataka transfoma. Transfoma inataka barua ya maombi yenye muhuri. Muhuri uko Nairobi. Mwenyekiti akauliza kama stoo ina pampu yoyote kwa sasa. Nikafungua kitabu, nikasema stoo ina kifuniko cha pampu. Akauliza pampu yake iko wapi. Nikamsomea: kiliingia chenyewe.

Kumbukumbu zimeandikwa hivi: "Pampu imepatikana kwa sehemu." Asilimia 66.

Choo kipya kimekamilika. Soja ameombwa aingie wa kwanza, amekataa, anasema bado anaomboleza redio.

Jumamosi

Barua ya fidia haijaandikwa, na mshauri anakuja kukagua laina. Injinia akanichukua twende kwa mzee jirani tuirudishe kwa maneno mazuri. Nilibeba kitabu cha vitu vinavyoingia.

Mzee alitupokea vizuri, akatuletea viti, akatuletea maziwa ya mala. Laina yetu ilikuwa nyuma ya boma, ardhini. Amechimba bwawa na wanawe. Kuta zimelazwa, si wima. Mawe na mizizi vimeokotwa kimoja kimoja. Chini ametandaza udongo aliouchekecha, ili plastiki isitobolewe. Kingo zimefukiwa ndani ya mtaro unaozunguka pande zote, juu yake mawe ya ukubwa mmoja. Maji yalitoka kwenye paa la nyumba kwa mvua ile ile iliyotugandishia simiti. Yalikuwa yamejaa na yalikuwa yametulia.

Injinia alizunguka bila kusema. Akachuchumaa, akatoa utepe, akapima mteremko wa ukuta, akanitajia vipimo, nikaandika. Akaurudia upande wa pili. Ni vile vile vilivyo kwenye michoro yetu.

"Mzee, haivuji?"

"Ivujie wapi?"

Ndani mlikuwa na perege wadogo. Mzee alisema ni wa kula mbu kwanza, mengine baadaye. Hata wakoloni, akasema, walileta perege kutoka Magadi miaka ya 1950 wakawatia Ziwa Nakuru wawale mbu, wakaja mwari kuwala perege, na Serikali ikajikuta na watalii. Hilo ni kweli. Injinia alikuwa haelewi kwa nini tunaongea samaki.

Hakuiomba laina. Aliuliza kama mzee na wanawe wanaweza kuja saiti kuwaonyesha vibarua namna ya kutandika. Mzee akafikiri. Akasema yuko tayari, ila amesikia habari za kampuni yetu na malipo, kwa hiyo angependa LPO kwanza na nusu ya pesa mkononi. Injinia akasema hilo litapelekwa kwenye mkutano.

Mzee akasema hakuna haraka. Akatusindikiza mpaka barabarani, akauliza robota la pili tunalitandaza siku gani, maana mwanawe mkubwa naye anataka bwawa.